Douche Mbili mu Lupango Moya

Lubumbashi, Katuba, tarehe 8 juin 2025

Kwenu tantine Adolphine, ku Mitwaba,

Kwanza ninabasalimia sana. Shiye huku tuko muzuri. David bwana yangu iko ku kazi, juma hii anaingia asubui. Mutoto yetu Sephora meno inamutoka, anauma kila kintu, hata kiatu ya baba yake. Ameanza kusimama kwa kushika kiti. Anatuangalia bote sawa vile mukubwa ya kazi anahesabu bantu yake, kisha anaanguka na matako.

Barua hii ninaitia mu mukono ya Clément ya camion ya mahindi, sababu ninayua simu kule inashika tu kule yulu ku mulima, na goti yenu haipendi mulima.

Habari yenyewe njo hii. Munakumbuka nyuma ya nyumba, mu lupango, vile inakuwaka mu mvua? Potopoto tupu. Mwaka huu niliachaka kiatu moya mule ndani, mupaka leo. Basi David alipata pesa kidogo ya yulu ku kazi, akaniambia: "Mama Sephora, tutengeneze nyuma, mbele mvua irudie." Gracia, jirani yetu, akatuonyesha muntu moya jina yake Adrien, muntu ya Butembo. Yeye na bibi yake Kavugho banauzishaka simenti na manjanja, bati ya kufunika nyumba, ku soko, na tena anakamataka kazi ya kuyenga. Alikuya na mètre, kalamu mu sikio, shati ya kupigwa pasi. Alipima kila pahali, hata pale kuku banalala.

Kisha akatuletea devis, kartasi tatu ya kazi na bei yake, yote mu Français. Mi masomo niliachia ku sixième primaire, basi nilisoma polepole, kidole yulu ya neno. Nilifika pa "évacuation" nikaogopa, nikafikiri ni shiye tutatoka. David akaseka sana. Kumbe ni mayi tu njo itatoka.

Devis inasema hivi: lupango yote ya nyuma itatiwa pavé, matofari ngumu ya kutandika chini. Kutakuwa mufereji ya kupeleka mvua ku barabara. Kutakuwa kibanda ya kupikia na manjanja yulu, moshi haitaingia tena mu nyumba. Ile douche ya kuogea ya zamani, ya mifuko na manjanja ya kutoboka, itatoka, atayenga ingine ya matofari, na kabine ya choo pembeni, na carreaux blanc, vigae vyeupe, ndani. Na ile kichuguu kubwa ya ku kona, Adrien anasema ataibomoa, udongo yake iko muzuri kwa kufanya matofari, hivi hatutanunua mingi. Bei haikututisha. David anasema inawezekana.

Sasa tantine, nitabaambia kintu moya, musimuambie bado muntu. David anafikiri ninapenda hii kazi yulu ya potopoto. Potopoto ni kweli. Lakini mi ninapenda papa Constantin, baba ya David, barudie. Ile ni nyumba yao, lupango yao balinunua na jasho ya shemin de fer, kazi ya reli, na balitoka kidogo tu mbele nimuzale Sephora. Balisema shamba inabaita. Bibi yao Mungu alimukamata zamani, sasa hata mujukuu habajamuona na macho. Ku avenue banasemaka bukwe, maana mi bibi ya mutoto yao, alifukuza muzee. Mi siyui nilikosea wapi. Ninawaza: nyuma ikikuwa muzuri, pakavu pa kutia kiti, pengine roho yao itarudia huku.

Basi mubasomee hii devis, lakini sawa vile munasoma habari ya bule. Kisha muniambie sura yao ilikuwa namna gani.

Mutoto yenu,
Syntiche, mama Sephora


Mitwaba, tarehe 17 juin 2025

Mama Sephora, mutoto yangu,

Barua ilifika, na sabuni ilifika, na samaki ya chumvi ilifika nusu. Nusu ingine uulize Clément.

Devis yako nilimusomea yaya Constantin, kaka yangu mukubwa, tukiwa ku bukari, ugali bado moto. Hiyo ilikuwa kosa, bukari ilipoa. Muntu alitumika maisha yote ku shemin de fer, ukimutajia tu neno mufereji, anakamata kijiti anaanza kuchora mu udongo. Anasema Adrien hakuandika muteremko ya mayi. Aseme itaangukia upande gani, kama si vile mvua yote itaingia kwa Gracia, na mutakosa jirani.

Kwa habari ya kichuguu hakusema kintu. Kwa kibanda ya kupikia alisema muzuri. Kisha akauliza: "Na mulango ya douche inaangalia wapi?"

Nikamuambia: "Yaya, mi nitayua wapi? Kartasi inasema mulango, haisemi macho yake."

Hakuseka. Alikunja kartasi muzuri sana, akanirudishia.

Unaniuliza sura. Sura yake ilikuwa sura ya muntu anasikia harufu ya chakula ya jirani. Nikamushika pale pale: "Bakimaliza, si utaenda kuona?" Akasema hapana, mahindi iko mingi mu shamba, nani atailinda.

Mama Sephora, mahindi tulivuna tangu mwezi ya tano. Iko mu chumba yangu, ninalala pembeni yake.

Usichoke. Mubusu mutoto, lakini mbali na meno.

Tantine yako,
Adolphine


Lubumbashi, tarehe 26 juin 2025

Kwenu tantine,

Clément anaapa kwamba samaki ilikuwa vile tangu huku. Nimemuacha na Mungu yake.

Nilimuita Adrien yulu ya muteremko. Akaniambia: "Mama, hiyo iko mu kichwa yangu." Nikamuambia: "Basi itoshe mu kichwa, uitie mu kartasi, sababu siku ya mvua kichwa yako itakuwa kwako, na mayi itakuwa kwetu." Akaseka, akaandika. Itaangukia ku barabara, upande ya nguzo ya umeme. Mubaambie papa, na mubaambie aksanti.

Kwa mulango ya douche niliuliza tena. Iko habari muzuri. Mulango itaangalia kuisine, ile kibanda ya kupikia, hatua kidogo tu. Adrien anasema hivyo mayi ya moto inatoka ku moto inaingia ku douche bila kupoa, na muntu muzee habebi ndoo mbali. Mi mwenyewe nilifurahi, sababu nilibawaza papa asubui ya mwezi ya saba, na ile baridi ya Lubumbashi. Nitakuwa pale ku moto, nitabapashia mayi, batafungua mulango tu.

Chumba yao bado iko. Hakuna muntu analala mule. Kila samedi ninapiga fagio, ninafungua dirisha.

Ninatuma photo ya Sephora. Iko anashika kiti ya papa, ile ya mbao. Hatukumupanga, alienda mwenyewe. Mubaonyeshe. Na sasa musisome tena sawa vile habari ya bule. Mubaambie waziwazi: Syntiche analomba murudie.

Syntiche, mama Sephora


Mitwaba, tarehe 6 juillet 2025

Mutoto yangu Syntiche,

Nilimuambia waziwazi. Alikuwa anatengeneza jembe. Nilisoma kila neno, na pale pa mayi ya moto, na pale pa mulango kuangalia kuisine, alisimama akaenda kuangalia mbuzi.

Alirudia, akasema mbuzi yake iko karibu kuzaa, hawezi kuiacha. Tena akasema goti. Nikamuambia: "Goti ni yangu." Akasema basi mugongo.

Photo aliikamata. Alienda nayo inje ku mwangaza, akakala sana. Sasa iko mu Biblia yake, na ninamuona anasoma Biblia mara mingi kuliko padri.

Lakini kurudia, anasema hapana. Anasema utume aksanti kwa Adrien yulu ya muteremko.

Mutoto yangu, tengenezeni nyuma yenu, mukale muzuri na bwana yako. Bazee bako na bintu yao. Usiumize roho.

Adolphine


Lubumbashi, tarehe 13 juillet 2025

Tantine,

Ninaandika mufupi. Clément iko ku mulango na moteur yake inawaka.

Kwanza mahindi, sasa mbuzi. Mi siko mutoto mudogo. Mbuzi njo inakataza muzee kuona mujukuu?

Muniambie kweli, hata ikiwa mubaya. Chumvi ilikuwa mingi mu sombe, ile majani ya muhogo? Nilijibu vibaya siku moya? Tulikala pamoja mwaka muzima na papa mu ile nyumba, na habakuniambia neno mubaya hata moya. Balikuwa banatoka tu kila asubui mapema, banarudia saa ya bukari, tunasalimiana, "bukwe, umelala muzuri," "ndiyo papa." Nilifikiri tunapendana. Kisha siku moya kitambaa yao imefungwa, na bo bako ku camion.

Adrien anangojea jibu ya devis. Simenti yake bantu bengine banaitaka. Nimemuambia angojee. Kama papa habarudii, mi ile pavé ni ya nini? Potopoto tunaizoea.

Syntiche


Mitwaba, tarehe 20 juillet 2025

Syntiche, mutoto yangu,

Sasa ukale chini. Yaya alinikataza kusema. Ninavunja neno yangu, na nitaungama kwa padri, lakini kwanza niungame kwako.

Hakuna chumvi. Hakuna neno mubaya. Sombe yako anaisifu mupaka mi ninakasirika.

Mu nyumba ya baba yetu, huku Mitwaba, tulikomea tangu batoto hivi: baba ya bwana haogi pale bukwe anaoga. Haingii kabine pale bukwe anaingia. Hata ndoo moya hapana, hata kamba moya ya kutundikia taulo hapana. Hii siyo chuki. Njo heshima yenyewe, njo kusema wewe ni mutoto mukubwa mu nyumba yangu. Na lupango yenu iko na douche moya.

Unasema alikuwa anatoka kila asubui mapema. Alikuambia anaenda kumusalimia Godefroid, rafiki yake ya kazi, ku camp ya shemin de fer. Mutoto yangu, nani anamusalimia Godefroid kila siku? Hata bibi yake alichoka kumusalimia. Alikuwa anaenda kuoga. Na mbele hujaolewa, aliogaka kwake bila shida. Siku uliingia mu nyumba, njo siku alianza kutoka na sabuni mu mufuko.

Hata hivyo alikuwa anavumilia. Ni kintu ingine njo ilimutosha mu nyumba. Tumbo yako ilikuwa kubwa, na alikuona kila mangaribi unapita na taulo, unaenda kuoga kwa Gracia. Akafikiri: huyu mutoto ya bantu anayua heshima, ananikimbia mi, na tumbo namna ile. Mi muzee ninamufukuza ku mayi ya nyumba yake. Akaniambia hapa: "Adolphine, muntu mujamuzito asitembee mu potopoto na ndoo sababu ya mi." Akafunga kitambaa.

Na sasa unamuandikia kwamba mulango ya douche itaangalia kuisine, na we utasimama pale ku moto umupashie mayi, umuone vile anaingia na vile anatoka. Uelewe yulu ya nini alienda kuangalia mbuzi.

Adolphine


Lubumbashi, tarehe 29 juillet 2025

Tantine yangu mupendwa,

Niliseka mupaka Sephora akaogopa akaanza kulia, kisha nililia mi mwenyewe, kisha nikaseka tena. David alirudia ku kazi akanikuta vile, akauliza nani amekufa.

Tantine, nilienda kwa Gracia yulu ya matundu. Ile douche ya manjanja, munakumbuka, ilikuwa imetoboka kila upande. Na tumbo ile, sikuweza kuinama, na kila mutoto ya avenue anapita na mupira. Gracia iko na douche ya matofari. Njo maana tu. Kwetu ku Sakania nilikomea mu lupango ya bapangaji, douche moya ya bantu bote, tunapanga mustari na ndoo. Ile heshima ya bukwe niliisikiaka, lakini sikuyua inafika mupaka ku kamba ya taulo.

Sasa ninabalomba kintu moya: musibaambie papa habari ya matundu. Bakale na kufikiri niliheshimu. Kuanzia leo ninaheshimu kweli.

Siku ile ile nilibeba mutoto ku mugongo, nikaenda ku soko kwa Adrien na devis mu mukono. Nikamuambia tubadilishe, ninapenda douche mbili na kabine mbili.

Akaniangalia. "Mama Sephora, muko bantu ngapi mu lupango?"

"Tatu pamoja na mutoto. Tutakuwa ine, Mungu akipenda."

"Bantu ine, douche mbili. Munafungua hôtel?"

Bibi yake Kavugho alikuwa anapima misumari. Hakuinua hata kichwa. "Adrien," akasema, "siku tulioana, baba yako alienda kuoga wapi?"

"Kwa ndugu yake."

"Yulu ya nini?"

Adrien akachomoa kalamu mu sikio. Kisha akakamata mètre. "Twende tupime tena," akasema. Kavugho akasema: "Na usimulipishe mama hiyo safari."

Basi devis ya pili njo hii. Douche ya kwanza inabakia pembeni ya kuisine, hiyo ni yetu. Ya pili itasimama ku kona, pale pa kichuguu. Katikati ukuta. Kila moya na pipa yake ya mayi, kamba yake ya taulo, na njia yake ya pavé, hivi muntu moya akienda huku na mwingine akienda kule, habakutani. Adrien alichora njia mbili, akasema hajaona bado lupango ya namna hii, inafanana na gare ya train. Bei ilipanda. Basi nikamuambia atoshe carreaux blanc mu hesabu. Mi nilizipenda, tantine, sitasema uongo, nilikuwa nimeziona tayari mu macho. Lakini simenti laini inaogesha muntu sawasawa. Bei ikashuka karibu pale pa kwanza.

Kichuguu lakini ni ya papa, lupango ni yao. Siwezi kuibomoa bila neno yao. Mubaonyeshe mupango mupya. Mubaambie douche ya pili ni ya bageni. Na habari ya bukwe, mi sikuisikia, na mweye hamukuisema.

Mutoto yenu,
Syntiche


Mitwaba, tarehe 8 août 2025

Kwa Syntiche, bibi ya mutoto yangu David,

Ninakusalimia wewe, bwana yako na mutoto.

Ninaandika na mukono yangu sababu Adolphine akisoma barua anasekaka peke yake na haniambii yulu ya nini.

Niliangalia mupango ya pili. Ni muzuri kuliko ya kwanza. Neno yangu ni hizi.

Kichuguu munaweza kubomoa. Lakini Adrien asikate tu yulu na kusema imekwisha. Bachimbe mupaka bakute malkia ya muchwa, bamutoshe. Kama si vile ataanza kuyenga tena chini ya simenti, na mwaka ujao mutamukuta mu douche, na huyo haogopi muntu.

Matofari ichomwe muzuri. Ukigonga mbili pamoja, ilie sawa vile kengele. Ikilia sawa vile kiazi, mumurudishie.

Kutosha carreaux ni akili. Kwenye carreaux muzee anateleza. Ninasema muzee mu bageni, kama akikuwako.

Mulango ya douche ya pili iangalie ukuta ya nyuma. Isiangalie nyumba, isiangalie kuisine. Ni yulu ya upepo.

Nilisikia ni ya bageni. Nyumba ya bantu ya kweli inakuwaka na pahali ya bageni. Bibi yangu, Mungu amupumzishe, alinilombaka hiyo zamani. Nilikuwa ninajibu kesho.

Mutoto anatembea?

Constantin


Lubumbashi, tarehe 17 août 2025

Kwenu papa Constantin,

Ninabasalimia na heshima yote. David anabasalimia.

Neno yenu nilimusomea Adrien, yote. Balichimba. Malkia alikuwa mbali chini, munene sawa vile kidole ya David. Kuku balimaliza ile mambo. Matofari iko inachomwa, na kesho nitaenda mwenyewe kugonga mbili mbili nisikie.

Mulango ya douche ya pili itaangalia ukuta ya nyuma, yulu ya upepo. Kweli papa, upepo ya huku iko mubaya.

Bageni tunabangojea siyo bageni ya kulala na kwenda. Ni bageni ya kukala. Chumba yao iko tayari, na njia yao ya pavé inaanza ku mulango ya ile chumba, inazunguka nyuma, haipiti ku kuisine hata kidogo.

Munauliza kama mutoto anatembea. Anatembea akiona muntu mbele anamunyooshea mikono. Baba yake anakuwa ku kazi, mi ninakuwa nyuma namushika asianguke. Mbele hakuna muntu.

Bibi ya mutoto yenu,
Syntiche


Lubumbashi, tarehe 5 octobre 2025

Kwenu tantine Adolphine,

Munayua papa balitoka kule, lakini vile balifika huku hamuyui, basi nibaambie.

Balifika mangaribi, yulu ya mifuko ya Clément, blanc ya vumbi tangu kofia mupaka viatu. Nilipiga goti nikabasalimia. Bakajibu muzuri, lakini macho yao ilikuwa ku nyuma ya nyumba. Habakukala. Habakukunywa. Balilomba ndoo ya mayi. David akafikiri ni ya kunawa mikono, akaileta. Papa baliipeleka mupaka mwisho ya pavé, bakamwanga mayi chini, na bakafwata ile mayi polepole, mikono nyuma, mupaka ikaingia mu mufereji, mupaka ku nguzo ya umeme. Adrien alikuwako, alikuya kutosha mbao yake ya mwisho. Alisimama sawa vile mutoto ku examen. Mayi ikaenda yote ku barabara. Papa bakamuangalia, bakasema: "Nani alikufundisha kazi?" Adrien akasema: "Bukwe yenu." Bote tukaseka, na mi nikakimbia ku moto, sababu nilisikia haya.

Kisha balizunguka, bakamuona Sephora. Alikuwa anashika ile kiti ya mbao. Papa baliinama pale pale na vumbi yao yote, bakanyoosha mikono. Mutoto alibaangalia sana. Aliangalia kofia, aliangalia mikono. Kisha akaacha kiti, tantine. Akaenda mwenyewe, akaingia mule ndani ya vumbi, akabauma ku kidole. Papa bakasema: "Huyu njo wetu." David aligeuka akaenda kuangalia manjanja ya kibanda, sawa vile manjanja iko na shida.

Asubui, jua bado haijatoka muzuri, nilikuwa ku kuisine natwanga sombe. Pipa ya nyuma ilijaa tangu jana, na mayi ya moto David aliipeleka kwa njia yao. Nilisikia mulango ya nyuma ikifungwa. Kisha nikasikia mayi. Kisha, tantine, papa bakaanza kuimba. Wimbo ya misa, na sauti ile ya shemin de fer, mupaka jirani ya pili.

Mi niko bukwe. Siwezi kusikia muzee anaoga. Basi nilitwanga kwa nguvu nisisikie. Bo bakafikiri nini, siyui, pengine balisikia kinu, bakayua mi niko karibu, bakaona haya nisisikie vile banamwanga mayi, bakaimba zaidi. Mi nikatwanga zaidi. Bo bakapandisha sauti. Sombe ile ilikuwa laini sawa vile unga, hatujakula ya namna ile tangu niolewe. Gracia alichungulia ku ukuta akauliza kama kuko feti, tunafurahia nini.

Na Sephora alikuwa katikati ya njia mbili, amesimama peke yake bila kushika kintu, anacheza. Kinu ikipiga anakunja magoti, sauti ikipanda anainua mikono.

Clément anasema barabara itaharibika mvua ikianza, basi mujibu mbio.

Mutoto yenu,
Syntiche